Mayai Kumi na Manne

Daftari ni la mtoto wa darasa la pili, kitindamimba wa mama anayeuza maharagwe katika soko moja la Butembo. Swali ni fupi: "Mama alikuwa na mayai 10. Ameuza 4. Sasa ana mayai mangapi?" Mtoto ameandika 14. Tarakimu zimenyooka, hazina wasiwasi hata kidogo, na juu yake imepita kalamu nyekundu.

Mtu wa huku ameshacheka. Kwa msomaji wa Tanga au Mombasa nieleze. Katika Kiswahili cha vitabuni, kuuza ni kutoa mali ukapokea pesa. Katika Kiswahili cha mitaani mashariki mwa Kongo, kwa wengi wetu kuuza ni kutoa pesa ukapokea mali. Yule anayetoa mali anauzisha. Kijana akikuambia ameuza simu mpakani Kasindi, usimwulize kamuuzia nani. Mwambie aitoe mfukoni uione. Basi mama wa kwenye swali alikuwa na mayai kumi, akaenda akauza manne, akarudi nayo nyumbani. Mtoto amesoma, ameelewa, amejumlisha bila kosa, akapewa sifuri.

Hesabu za shule hupenda kuanza na "tuseme", nami nianze hivyo. Tuseme ni jioni ya tarehe 30 Aprili, sikukuu ya elimu nchini Kongo, na tumekaa uani kwa mama huyo, sombe iko jikoni, mvua inatishia. Yupo Mzee, mwalimu mstaafu aliyeshika chaki tangu enzi za makuta. Yupo Mwalimu, dada anayefundisha darasa la tano, aliyetoka Beni asubuhi kwa pikipiki, kilomita 54. Yupo Kijana, mtoto wa dada yake mama, anayebadilisha pesa kwenye meza kando ya barabara. Binti mkubwa, wa darasa la sita, anachambua maharagwe, ingawa anasikiliza kuliko anavyochambua. Wasemaji ni wa kutunga. Waliyosema nimeyasikia kwa nyakati tofauti, Butembo na Beni, mengine kwa sauti ya juu zaidi.

MZEE: Kalamu nyekundu imefanya kazi yake. Shule ina Kiswahili chake, na mtoto anakwenda shule kukipata. Tukianza kusahihisha kwa lugha ya soko, kila soko litakuja na majibu yake.

MAMA: Papa Mwalimu, sijakataa. Nauliza tu: mtoto angejuaje kwamba yule mama ni wa Dar es Salaam?

MWALIMU: Na hicho Kiswahili chenyewe anakaa nacho miaka miwili. Darasa la kwanza na la pili tunafundisha kwa lugha ya taifa, la tatu tunahamia Kifaransa. Nyumbani wanaongea Kinande. Mtoto wa miaka tisa ameshabadilisha lugha ya hesabu mara mbili, na kila mara tunamwambia ni hesabu ileile. Darasani kwangu shida haiko kwenye kugawanya. Wanagawanya vizuri. Shida ni "de plus que". Kambale ana gololi 12, anazo 5 zaidi ya Kasereka. Kasereka anazo ngapi? Wameona "plus", wanajumlisha. Darasa zima: 17!

MZEE: Kwa Kiswahili pia wangesema 17. "Zaidi" ni chambo katika lugha yoyote. Anayepona ni yule aliyefanya maswali ya namna hiyo mara hamsini.

KIJANA: Au aliyekumbuka kwamba Kambale ni mkubwa wa Kasereka, na mkubwa huwa na gololi nyingi.

(Kwa wasio Wanande: majina ya wavulana hufuata zamu ya kuzaliwa, Paluku, kisha Kambale, kisha Kasereka, kisha Kakule. Mtunzi wa maswali anayetumia majina hayo kiholela ameshatoa habari moja asiyojua kwamba ameitoa.)

MZEE: Mnacheka. Mazoezi ndiyo yaliyowafikisha watoto wetu kwenye cheti.

MWALIMU: Basi Mama asikie zoezi nililowapa Jumatatu. "Mfanyabiashara ananunua mfuko wa maharagwe wa kilo 100 kwa franka 180,000. Analipa usafiri franka 12,000. Anauza kilo moja kwa franka 2,200. Tafuta faida."

BINTI: PA ukijumlisha na gharama ni 192,000. PV ni 220,000. Faida ni 28,000.

MZEE: Mmesikia? Hakutafuta hata karatasi. Bei ya kununulia, gharama, bei ya kuuzia, faida. Kila kitu kwenye mstari wake.

MAMA: Elfu ishirini na nane kwa mfuko mmoja? Huyo mfanyabiashara anauzishia wapi, nami nihamie?

MZEE: Ni mfano, Mama.

MAMA: Nisikilizeni basi, kisha mseme kama mimi ni mfano. Kwanza sipimi kilo, napima kopo. Mfuko ukiupima kopo kwa kopo bila kuongeza kitu, unatoa makopo sitini na sita. Nani anapima bila kuongeza? Ukimnyima mteja matabishi leo, kesho yuko kwa jirani. Kila kopo lina kiganja cha juu. Mfuko ukiisha, nimepima makopo sitini. Yale sita ni matabishi, yamekwenda na watu. Kopo nauzisha 3,500. Piga.

BINTI: 210,000.

MAMA: Toa ile yenu 192,000.

BINTI: 18,000.

MAMA: Mfuko unakaa siku tano. Kila siku anapita mtu wa tiketi ya soko, 500.

BINTI: Inabaki 15,500.

MAMA: Sasa narudi kwa mwenye depo. Ananiambia mfuko umepanda, ni 190,000. Nikitaka kesho niwe na mfuko kama wa jana?

BINTI: Toa elfu kumi. 5,500.

MAMA: Hiyo ndiyo faida. Nyingine ni mtaji uliovaa nguo ya faida. Ukiila hiyo 28,000 ya kitabu, wiki ya tatu huna mfuko.

Nakiri kwamba nilipofanya swali hili kwa mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, nilipata jibu la kitabu na nikajiona tajiri. Wahasibu wanalo somo zima kuhusu jambo ambalo mama amelisema kwa sentensi moja: bei ya kujua kama umepata ni ile utakayolipa kesho, hata kama jana ulilipa nyingine. Shule ya msingi haifiki huko. Kinachonishangaza ni kwamba binti aliyepiga hesabu zote mbili, ya kitabu na ya mama yake, anaishi nyumba moja na mfuko huo, na siku ya Jumatatu angeandika 28,000 bila kusita. Hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kushangaa.

MZEE: Swali halikusema uongo. Limenyamaza tu. Mtoto anayejifunza kutembea humpeleki kwenye miteremko ya Butembo siku ya kwanza. Unampa mfuko mmoja, bei moja, siku moja. Matabishi yatakuja, tiketi itakuja. Na nitawaambia kwa nini mimi siamini bei zinazoandikwa ndani ya maswali. Nilianza kazi kitabu kikihesabu makuta. Sarafu ya zaire ilipozaliwa mwaka 1967 ilikuwa na makuta mia moja, na zaire moja ilikuwa dola mbili. Dola mbili! Mwaka 1993 wakafuta sifuri: zaire milioni tatu zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 ikaja franka hii: zaire mpya laki moja zikawa franka moja. Binti, franka moja ni zaire ngapi za kwanza?

BINTI: Milioni tatu mara laki moja... tatu, halafu sifuri sita, halafu sifuri tano...

MZEE: Usiogope sifuri, sisi tuliishi nazo.

BINTI: Bilioni mia tatu.

MZEE: Bilioni mia tatu za zile zilizokuwa dola mbili mbili. Kila bei niliyoiandika ubaoni imekufa, nikaizika kwa kifutio. Kilichobaki hai ni PA, gharama, PV. Ni vyombo vitupu, lakini ndivyo vilivyovuka.

Hapo uani palikuwa kimya. Hoja hiyo ni nzito, na sijaona mtu anayeijibu vizuri. Swali lililofungwa sana na soko la leo linaoza pamoja na soko hilo. Mzee alifundisha katika miaka ambayo mshahara wa mwalimu ulipoteza maana kati ya kupangwa na kufika. Kama angefuata bei za siku ile, angebadilisha ubao kila wiki.

KIJANA: Papa Mwalimu, vyombo vimevuka, lakini vingine vina tundu. Mwenye depo anataja dola. Mama mdogo anauzisha kwa franka. Tuseme mfuko ni dola 70, na dola leo ni 2,800. Ni 196,000. Kesho asubuhi dola ni 2,850.

BINTI: 199,500.

KIJANA: Hajagusa maharagwe, na imeondoka 3,500.

MAMA: Kopo zima.

KIJANA: Kopo zima, na halina hata matabishi. Halafu nionyesheni kitabu chenye noti ya dola iliyochanika pembeni. Mezani kwangu dola ishirini nzima na dola ishirini yenye mpasuko ni namba mbili tofauti. Shilingi za Uganda zinazoingia kupitia Kasindi sijazitaja.

MZEE: Usizitaje. Chakula kitapoa.

MWALIMU: Mimi dola na franka haziniogopeshi kama kitu kimoja. Ufaransa, mjini Grenoble, miaka ya kuelekea 1980, watafiti waliwapa watoto 97 wa darasa la pili na la tatu swali hili: ndani ya meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa umri wa nahodha kwa kuzichezea namba hizo.

MAMA: Watoto wa Ulaya?

MWALIMU: Wa Ulaya. Nikasema nijaribu kwangu Beni. Niliandika ubaoni: Fuso limetoka Kasindi na mifuko 40 ya simenti na mabati 30, dereva ana miaka mingapi? Mikono ikapanda. Sabini! Sabini! Mmoja tu nyuma akasema, "Mwalimu, sabini ni mzee, Fuso hataliweza."

KIJANA: Huyo mpe kazi mezani kwangu.

MWALIMU: Na huyo naye alikuwa amejumlisha kwanza. Alishtuka baada ya kupata jibu. Wengine hawakushtuka kabisa, kwa sababu tumewafundisha kwamba ndani ya swali hakuna watu. Kuna namba mbili na neno moja la kukuonyesha alama. Ndiyo maana hili daftari linaniuma. Mtoto wa mayai aliwaona watu. Alimwona mama anatoka na pesa anarudi na mayai. Huyo tumemwekea kalamu nyekundu, na yule wa dereva wa miaka sabini, likija swali la kawaida, tutampa kumi juu ya kumi.

Tangu jioni ile sijapata namna bora ya kulieleza jambo hili. Watoto hawa wawili wanasimama pande mbili za kosa. Wa kwanza ana kisa sahihi na neno lililomgeukia. Wa pili ana namba sahihi na hana kisa. Kalamu nyekundu haioni tofauti, kwa sababu inasoma mstari wa mwisho tu. Na mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, TENAFEP tulivyouzoea na sasa ENAFEP, nao unasoma mstari wa mwisho: mtoto huchagua herufi.

MZEE: Mnataka mwalimu afanye nini? Amwulize kila mtoto amsimulie kisa? Una watoto wangapi, Mwalimu?

MWALIMU: Sabini na wawili. Tangu shule ya msingi iwe ya bure, Septemba 2019, darasa halijapungua. Na waliokimbia vijiji wanaingia katikati ya mwaka.

MZEE: Kila mmoja dakika moja.

MWALIMU: Saa moja na dakika kumi na mbili. Najua, Papa. Hesabu hiyo naifanya kila asubuhi. Kwa hiyo siulizi mimi. Nawaweka wawili wawili. Mmoja anasoma swali, anafunika, anamsimulia mwenzake kwa lugha anayotaka, Kinande, Kiswahili, lakini haruhusiwi kutaja namba hata moja. "Kuna mama, ana mayai, ameyaongeza." Mwenzake akisema "hapana, ameyapunguza", hapohapo wameshaligundua neno linalowagonganisha, hata kabla sijafika kwenye dawati lao. Namba zinakuja mwisho.

MZEE: Kelele je?

MWALIMU: Kama soko la Kilokwa siku ya Jumamosi. Jirani yangu wa darasa la nne haniamkii.

MZEE: Ningekuwa mimi nisingekuamkia pia. Haya, nami niwaulize. Barabara ina mita 300. Upande mmoja tunapanda mikaratusi, kila mita 5 mti, kuanzia mwanzo kabisa hadi mwisho kabisa. Miti mingapi? Kijana, wewe wa mezani.

KIJANA: Gawanya. Sitini.

MZEE: Binti?

BINTI: Sitini na mmoja. Kuna mti wa mwanzo.

MZEE: Ahaa! Swali la nafasi. Huyu hakufundishwa na soko. Umepitisha dola ngapi mezani mwaka huu, na mti mmoja umekupita? Kuna vitu ambavyo biashara haitakufundisha hata ukifanya miaka arobaini, kwa sababu haikudai.

KIJANA: Na mti mmoja utanisaidia nini?

Mwalimu ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upande ambao hakuna aliyeutarajia.

MWALIMU: Mimi ulinisaidia. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia kule Mangina, na haikutangazwa kwisha hadi 25 Juni 2020. Nilikuwa bado nasomea ualimu. Nilipita nyumba kwa nyumba Beni kuwafuatilia waliogusana na wagonjwa. Siku 21, kila siku kupima joto. Familia moja ilimgusa marehemu mara ya mwisho tarehe 3. Baba akahesabu kwa vidole, tarehe 3 ni moja, tarehe 4 ni mbili, akafika 21 tarehe 23. Sisi karatasi yetu inasema 24. Siku moja, na mtaa mzima unasema tunawaongezea kifungo ili tulipwe posho ya siku moja zaidi. Mnakumbuka hali ilivyokuwa, watu walivyokuwa hawatuamini. Nikachora miti mchangani. Tarehe ya mguso ndiyo mti wa mwanzo. Tunahesabu nafasi, miti tunaiacha. Nafasi 21. Baba akahesabu mwenyewe kwa fimbo. Akasema, "Basi mngesema nafasi tangu mwanzo."

MZEE: (baada ya muda) Swali hilo uliwahi kulifanya darasani?

MWALIMU: Darasa la sita. Nililipata kwa kukariri "ongeza moja". Kwa nini ni moja, nilijua siku ile, mbele ya fimbo.

Mzee hakusema kitu. Alijisogezea kiti, na nadhani hilo lilikuwa ndiyo.

Hapa niingize la mbali kidogo, kwani mabishano haya hayakuanzia Butembo. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao wa Recife, Brazili. Waliwafuata watoto watano wauza bidhaa barabarani, wakajifanya wateja. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi kumi, moja cruzeiro 35. Shuleni wangemwambia aongeze sifuri. Yeye alianza na nazi tatu, 105, akaongeza tatu nyingine, 210, akaendelea hivyo hadi 350. Nilipomsimulia mama habari hiyo alisema tu, "Ndivyo," kama mtu aliyeambiwa kwamba Wabrazili nao wanakula kwa mdomo. Sokoni watoto wale walipata asilimia 98. Walipopewa hesabu zilezile kwenye karatasi, namba tupu, walipata 37. Walipopewa maswali ya maneno, 74. Kisa cha karatasi hakikuwa soko, lakini kiliwainua mara mbili ya namba tupu. Ila Mzee asinyimwe haki yake. Februari 2025 jarida la Nature lilitoa utafiti wa watoto wanaofanya kazi masokoni Kolkata na Delhi. Wanahesabu haraka kwenye biashara, wanakwama kwenye hesabu za kitabu; na wanafunzi wa shule, wazuri wa kitabu, wakakwama kwenye hesabu za soko. Kwa hiyo kusema "wapelekeni sokoni" si jibu. Kuna mto kati ya pande hizo mbili, na upande wowote unaoanzia bado unahitaji mtu wa kukuvusha.

MZEE: Na kuvuka kwenyewe kulianzia hapa kwetu. Mnaijua Ishango?

BINTI: Kwenye ziwa.

MZEE: Pale Semliki inapotoka ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga, teritwari ya Beni. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimbua mfupa mdogo, mrefu kama kidole cha kati na zaidi kidogo, una kipande cha kwatzi kichwani. Una miaka kama elfu ishirini. Umechanjwa alama katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17, 19. Jumlisha.

BINTI: Sitini.

MZEE: Ya pili: 11, 21, 19, 9.

BINTI: Sitini tena.

MZEE: Ya katikati ina arobaini na nane. Jumla alama 168. Hiyo safu ya kwanza, hakuna namba hata moja kati ya zile nne inayogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mfupa uko Brussels.

KIJANA: Kila kitu kiko Brussels.

MAMA: Na swali lake lilikuwa nini?

MZEE: Nani anajua? De Heinzelin mwenyewe aliona mchezo wa hesabu. Alexander Marshack, Mmarekani, aliona kalenda ya mwezi. Wengine wanasema zilichanjwa tu ili mkono usiteleze.

MAMA: Basi wanafanya kama wale watoto wa nahodha. Wana namba, hawana kisa, na kila mmoja analeta umri wake.

Kijana alicheka hadi akaweka sahani chini. Mzee naye alicheka, ingawa alijitahidi asifanye hivyo.

MAMA: Mimi naona ni madeni. Mtu wa samaki. Huyu samaki kumi na mmoja, yule kumi na tatu. Hakuna anayechanja mfupa kwa ajili ya kucheza.

Mvua ilianza, tukaingia ndani na daftari. Binti alikuwa ameacha maharagwe kitambo, anaandika nyuma ya karatasi ya mwaliko wa sherehe. Alimpa Mzee asome. Nanukuu kama alivyoandika, bila kugusa kitu: "Mama ameuza mfuko wa maharagwe kwa depo. Anataka kuuzisha. Barabara imefungwa kwa sababu ya vita na wateja wa vijijini hawafiki. Mlinzi wa depo anataka 1,000 kila siku. Mama atakula mtaji siku gani?"

MZEE: Swali halijakamilika. Barabara imefungwa siku ngapi?

BINTI: Haijulikani.

MZEE: Lazima utoe namba.

MAMA: Papa Mwalimu, ingejulikana mimi ningekuwa tajiri. Mwaka gani waliwahi kutuambia barabara itafungwa siku ngapi?

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akachukua kalamu ya Mwalimu, ileile nyekundu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

MZEE: Basi weka herufi.

BINTI: Herufi gani?

MZEE: Yoyote. Mahali pa siku tusizozijua. Ndilo jambo nililokuwa nataka kuwaambia tangu saa kumi na mmenikatisha.

BINTI: K. Ya Kasindi.

Aliandika: 5,500 toa 1,000 mara K. Mama alikuja kusimama nyuma yake, mwiko mkononi.

MAMA: Na hiyo K, nikiwa nayo, nafanyaje?

MZEE: Unatafuta K ambayo faida inakuwa sifuri. Baada ya hapo unakula mtaji.

BINTI: 5,500 gawanya kwa 1,000. Tano na nusu. Siku tano na nusu.

MAMA: Mlinzi gani anapokea nusu siku?

Binti aliangalia karatasi, akaangalia mama yake, akafuta ile nusu.

BINTI: Siku ya sita.